Sura ya Saba: Vidole Sita Kule Kocholia

Kufikia saa mbili na nusu asubuhi ya Jumatatu, watu mia mbili na kumi na wanne walikuwa wakihesabu vidole vya mwanamke wasiyemjua, na Sajini Roselida Okwara alikuwa mmoja wao.

Alihesabu akiwa amesimama. Kiti kilikuwapo pale ofisini, tena cha kuzunguka, lakini tangu kesi hii ianze Roselida na kiti hawakuelewana. Akikaa, mguu wa kulia ulianza kupiga sakafu kama cherehani. Akisimama, macho yalikwenda ukutani kwenye saa. Nje, malori yaliyosubiri kuvuka kwenda Uganda yalikuwa yakinguruma foleni nzima, na dirisha la kituo cha Malaba lilitetemeka nayo.

Kundi lenyewe liliitwa Rangi za Mashine, Busia na Malaba. Humo WhatsApp vijana waliandika maneno, wakailisha AI, ikawatapikia picha: simba wa suti wakigonga muhuri wa pasipoti, lori lenye mabawa, mamba wa Budalang'i akiuza bima ya mafuriko. Kisha waligombana mchana kutwa kuhusu nani msanii na nani mbonyezaji. Roselida alijiunga Jumapili jioni kwa jina la Mama Omena, akiwa na picha ya samaki aliyevaa wigi la hakimu. Walipomuuliza anatumia mashine gani, alijibu, "Ile ya nyumbani." Wakacheka, wakamfungulia mlango.

Asubuhi hii aliwarudishia picha moja iliyorushwa humo kundini Jumamosi, akauliza kama ni ya kamera au ya mashine.

"Vidole, Mama Omena! Shangazi ana SITA!" aliandika mmoja aliyejiita Kifaru Dijitali.

"Feki hiyo. Kesi imefungwa. Nikaangiwe samaki," aliandika mwingine, Bingwa wa Amukura.

Picha hiyo ndiyo ilikuwa imeishikilia kesi shingoni. Jumamosi, kati ya saa tisa mchana na saa kumi na mbili jioni, kompyuta kubwa ya kundi, iliyobeba mashine yao ya picha, ilitoweka katika chumba walichokodi nyuma ya duka la mabati hapo Malaba. Mlango haukuvunjwa. Funguo zilikuwa mbili. Mmoja alikuwa nao Vivianne, binti wa miaka ishirini na miwili anayechora mabango ya vibanda na maandishi ya nyuma ya malori. Wa pili alikuwa nao Robinson Mulama, msimamizi wa kundi, mtu wa Butula aliyeoa Kocholia.

Vivianne hakuwa na wa kumtetea. Jumamosi yote alikuwa peke yake chumbani kwake na penseli. Ubaya zaidi, Alhamisi aliandika maneno mazito mle kundini. Katika kila mchoro wake kuna mbwa mwenye mkia mfupi. Ndiyo sahihi yake. Basi wiki iliyopita mashine ya kundi ilianza kutoa picha za wanawake wa Sio Port wakianika omena, wale dagaa wa ziwani, nzuri ajabu, na kila picha ilikuwa na yule mbwa. Vivianne akaandika: "Mashine imemla mbwa wangu. Fungueni kompyuta tuone ni nani aliyeilisha michoro yangu bila kuniuliza. Msipofungua nitaizima mimi mwenyewe."

Siku mbili baadaye kompyuta haipo. Jumapili saa nane mchana akakamatwa.

Robinson, kwa upande wake, alikuwa na picha. Aliirusha kundini Jumamosi saa kumi na dakika arobaini, na maneno: "Kwa wakwe, Kocholia. Leo sirudi mapema." Katikati palikuwa na chungu cha ajono, ile pombe ya wimbi ya Wateso, na mirija mirefu ikitoka ndani yake kama ndevu za kambale. Robinson ameketi kwenye kiti cheupe cha plastiki, mrija mdomoni. Kushoto kwake, bega kwa bega, mwanamke wa gauni la kijani, kichwa wazi, anacheka mpaka magego yanaonekana. Kulia ni shemeji yake. Upande wa pili wa chungu, shangazi mmoja amenyoosha mkono, na mkono huo ndio uliokuwa umewakosesha watu usingizi.

Picha ikishapita kwenye kundi, habari za saa na mahali ilipopigwa huachwa mlangoni kama viatu. Roselida alimwomba Robinson ile ya asili. "Nilifuta, madam, simu ilijaa." Barua ilikuwa imekwenda kwa kampuni ya simu, na majibu yangekuja yakijisikia.

"Madam, vidole sita imetosha," alisema Konstebo Protus, mzee aliyebakiza miezi minne astaafu na mandazi mawili amalize. "Andika hiyo, tufunge."

"Hakimu akiniuliza kama huyo mama nimemwona, nimjibu nini?"

"Mwambie umeona mkono."

Roselida hakucheka. Saa nane mchana Vivianne alitakiwa kuwa mbele ya hakimu. Gari la kuwapeleka mahabusu mahakamani lingeondoka saa saba na nusu. Jumatano binti huyo alikuwa aripoti chuo cha ualimu, nafasi aliyoisubiri miaka miwili, na shtaka likisomwa leo, Jumatano ingemkuta rumande.

Akaenda hadi mlango wa seli.

"Afande, wamesemaje kundini?" Vivianne aliuliza kupitia vyuma.

"Wamesema vidole sita."

"Vidole?" Binti aliguna. "Hiyo ilikuwa zamani. Siku hizi mashine inajua vidole kushinda daktari. Mtu akianza kuhesabu vidole, jua amechoka kuangalia."

"Wewe ungeangalia nini?"

"Mimi nikichora watu wamekaa, najiuliza nani ameinuka. Kuna mtu alishika hiyo simu. Alikuwa amekaa wapi kabla ashike?"

Roselida akaliandika kwenye daftari lake, chini ya maneno ya Robinson ya jana. Yeye aliandika kila kitu, hata upuzi, na maneno ya Robinson aliyaona upuzi mtupu: "Uliza huko Kocholia. Lakini mama mkwe usimsumbue. Mimi mwenyewe miaka mitatu sijamtazama usoni. Akipita mimi naangalia viatu. Mimi ni mkwe wa heshima, madam, siyo hawa wa siku hizi."

Saa tatu na nusu alikuwa juu ya pikipiki, akiyapita malori upande ambao sheria haiupendi.

* * *

Boma lenyewe lilikuwa nyuma ya soko la Kocholia, nyumba tatu na ua wa michongoma. Roselida alipoingia hakuwa na sare, lakini polisi ana namna yake ya kutembea. Chungu kilichokuwa kivulini kiliinuka, kikaingia jikoni chenyewe, au basi ndivyo alivyotakiwa kuamini.

"Sisi hatupiki kitu hapa, afande," alisema mwanamume mmoja akijifuta mdomo. Alimtambua mara moja: yule wa kulia katika picha. "Hiyo harufu ni ya jirani."

"Sikuja kwa ajili ya chungu. Wewe ni Otukei?"

"Ni mimi, kama ni kitu kizuri."

"Jumamosi, shemeji yako Robinson alikuwa wapi?"

"Alikuwa hapa," Otukei alijibu kabla swali halijatua. "Alifika saa nane u nusu, akaondoka giza ikiingia."

Jibu alikuwa amelikariri kama anwani.

"Alikuja na nini mkononi? Mkwe haji mikono mitupu."

"Alileta... sukari."

"Sukari gani?" iliuliza sauti kutoka jikoni.

Akatoka mwanamke mnene, mchangamfu, akinyoosha mkono wa kulia kusalimia. "Yoga! Yoga, mgeni!" Roselida akaupokea mkono, akahisi kitu cha ziada pembeni ya kidole cha mwisho, akatazama chini. Akahesabu. Akahesabu tena.

"Hesabu tu, mwanangu, kila mtu huhesabu," alisema mwanamke yule. "Ni sita. Nilizaliwa navyo. Hicho kidogo ndicho naonjea mchuzi. Mimi Petronilla, shangazi ya hawa."

Roselida alibaki ameshika ule mkono kwa muda usio wa adabu. Watu mia mbili na kumi na wanne, na Bingwa wao wa Amukura, walikuwa wamekosea kwa kidole kimoja. Mashine haikukibuni. Kidole kilikuwapo, chenye ukucha wake, na kimetoka kumenya vitunguu. Ushahidi pekee aliokuwa nao ulikuwa umemsalimia.

"Shangazi, Robinson alikuwa hapa Jumamosi?"

Petronilla akamtazama Otukei. Otukei akatazama kuku.

"Kijana amesema alikuwa. Basi alikuwa. Mkwe huwezi kumwaibisha mbele ya serikali. Na mimi siku za wiki zinanichanganya. Mbele ya chungu, Jumamosi na Jumapili ni mtu na pacha wake."

Roselida akatoa simu, akamwonyesha Otukei picha. "Nitajie hawa."

"Huyu shangazi. Huyu mimi. Robinson huyu." Kidole chake kikafika kwenye gauni la kijani, kikasimama. "Huyu... huyu ni mtu wa hapa."

"Jina?"

"Watu wa hapa ni wengi, afande."

Saa tano kasoro. Roselida aliandika "mtu wa hapa", akapiga mstari, mguu tayari unacheza. Kitu kilimwasha kichwani na hakujua akikune wapi. Sukari ilikuwa uongo, hilo alikuwa na hakika nalo, lakini hakimu hamwachilii mtu kwa sababu ya sukari. Akavaa kofia ya pikipiki. Akaivua. Akaivaa tena, akaenda hadi langoni.

Hapo langoni aligongana na mwanamke aliyetoka shambani, jembe begani, gauni la kijani limekunjwa hadi magotini. Kichwa kilikuwa wazi. Alipomwona mgeni alicheka, na magego yakaonekana.

"Karibu, mwanangu. Mbona unatoka na hata maji hujanywa? Mimi ndiye mama wa hapa. Amongin."

"Mama wa... mama yake Otukei?"

"Na wa Akwii, aliyeolewa Butula. Hao wawili tu Mungu alinipa."

Roselida alisimama na kofia kichwani kama mtu aliyesahau alikokuwa anakwenda. Akwii aliyeolewa Butula. Akwii wa Robinson. Kwao Roselida, kule Funyula, mambo ya mkwe na mama mkwe hayakuwa tofauti sana: baba yake, akisikia mama mkwe wake yuko njiani, alikuwa akijitosa kwenye mihogo hadi apite.

"Mama, naomba uketi kwanza," alisema. "Halafu utazame kitu."

Mama Amongin aliishika simu kwa mikono miwili, akaisogeza mbali kidogo ndipo macho yapate. Kicheko kilikaa usoni sekunde moja, mbili. Kisha kikaondoka chote. Aliitupa simu kwenye nyasi, akavuta leso kutoka kiunoni, akajifunika kichwa hadi machoni na kuupa ua mgongo.

"Toa hiyo kitu! Ni nani ameniweka na mtoto huyo kwenye chungu kimoja?"

"Hukukaa naye?"

"Mimi? Mwanangu, mimi na huyo hata njia moja hatupiti! Akija, mimi naingia ndani, chakula napitisha kwa Petronilla. Bega kwa bega? Mrija kwa mrija? Kichwa wazi?" Sauti ilianza kukatika. "Watu wangapi wameona?"

Roselida alitamani kudanganya. "Mia mbili na kumi na wanne, mama."

Mama Amongin akalia kwa sauti ya chini. Petronilla akaja mbio, akaiokota simu, akatazama, akaziba mdomo kwa vidole vyake vyote sita.

"Otukei!" aliita mama bila kugeuka. "Umesema alikuwa hapa?"

Mwanamume mzima wa ndevu akajikuta amesimama wima kama yuko gwaride. "Mama, alinipigia jana asubuhi. Alisema ni mambo madogo ya ofisi, nikiulizwa niseme tu. Mimi sikujua kuna picha. Sikujua amekuweka wewe."

"Hii picha ni ya lini?" aliuliza Roselida.

"Ya Pasaka," alisema Otukei. "Robinson hakuja Pasaka, alikuwa na kazi. Akwii ndiye alikuja."

"Na kwenye hicho kiti cheupe alikuwa nani?"

"Hakuna mtu. Ni kiti cha Akwii mwenyewe. Alikuwa amekaa na mama, akainuka kutupiga picha."

Basi Vivianne alikuwa ameona kutoka ndani ya seli, bila hata picha mbele yake. Roselida aliiomba simu ya Otukei, akaizima na kuitia mfukoni, asije mtu akapasha habari. Akafikia pikipiki. Mama Amongin akamwita, mgongo bado umegeuka.

"Ifute, mwanangu. Popote ilipo."

"Nitajaribu, mama," alisema, na alijua ni ahadi ya kuokota unga kwenye upepo.

* * *

Robinson Mulama alifika kituoni saa sita na dakika hamsini, miwani ya jua utosini na tabasamu tayari mdomoni. Alikuwa ameambiwa aje kusaini maelezo yake.

"Madam! Hapo nje nimesikia Kocholia ulifika. Walikukaribisha?"

"Sana. Nimemsalimia shangazi yako. Vidole ni vyake."

Robinson alicheka kwa raha ya mtu anayetua mzigo. "Niliona watu wanahangaika kundini, nikanyamaza tu. Wajinga sana. Shangazi wangu wanamwita feki!"

"Imebaki kitu kidogo cha fomu." Roselida alilaza simu mezani, picha ikiwa wazi. Kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi alikuwa ameketi, na mguu ulikuwa umetulia. "Nitajie waliokuwapo, Konstebo aandike."

"Hiyo rahisi. Huyu Shangazi Petronilla. Huyu shemeji Otukei. Huyu mimi, mtanashati." Kidole kikaenda kushoto. "Na huyu ni jirani yao."

"Unamjua?"

"Jina limenitoka. Mama wa hapo karibu. Mcheshi! Hiyo Jumamosi yote yeye ndiye alikuwa anatuchekesha. Ona meno."

"Mlikaa pamoja muda gani?"

"Saa tatu hivi. Chungu kimoja, stori mpaka basi. Aliniita Robi."

Protus alikuwa akiandika, ulimi nje kidogo. Roselida akangoja kalamu ifike mwisho wa mstari.

"Robinson, huyo ni Mama Amongin. Mama yake Akwii."

Mkono wa Robinson ulifanya kazi peke yake. Uliruka, ukaigeuza simu kifudifudi mezani, pa! Kabla sauti haijaisha yeye mwenyewe alikuwa ameinuka, uso ameupeleka ukutani, macho kwenye viatu vyake. Alisimama hivyo, mkwe wa heshima, akimwepuka mama mkwe wake ndani ya kituo cha polisi.

Protus, mwenye wakwe wake kule Butula, aliweka kalamu chini. Hata mandazi aliyasukuma kando.

"Miaka mitatu," alisema Roselida taratibu. "Wewe humjui sura. Ndiyo maana ulijiketisha hapo."

"Kwenye simu ya Akwii nilikuta tu picha," ukuta ukajibu. "Kiti kilikuwa tupu. Niliambia mashine initie hapo. Mama yeye huwa na leso, huwa ameinama... Mimi sikujua anacheka hivyo." Akaishusha miwani ya jua machoni. "Yeye ameiona?"

"Ameiona."

Robinson aliteleza na ukuta hadi akachuchumaa. Mambo ya wizi hakuyauliza hata moja.

"Kompyuta?"

"Iko Busia. Kwa fundi wa friji, karibu na stendi. Ndani ya friji mbovu."

"Kwa nini?"

"Michoro ya Vivianne niliilisha mimi. Yote, tangu mwaka jana. Kuna mtu Tororo ananunua hizo picha za omena. Wangefungua kompyuta wangekuta folda yenye jina lake."

Ilikuwa saa saba na dakika kumi. Roselida alipiga simu Busia, akangoja amesimama, akitembea kutoka dirishani hadi mlangoni, mlangoni hadi dirishani, malori yakinguruma. Saa saba na dakika ishirini na sita simu ikalia: afisa wa huko alikuwa amefungua friji tatu, na ya tatu haikuwa na nyama. Gari la mahakama lilikuwa tayari limewashwa uani. Roselida alitoka akiwa na faili mkononi, akamgongea dereva ubavuni mwa gari.

"Mmoja amepungua. Vivianne haendi."

Kisha akafungua kundi. Akaandika kwa jina lake halisi na cheo chake: "Futeni ile picha ya Kocholia kwenye simu zenu. Ni mama wa watu, na hakukaa hapo." Wengine wakafuta. Wengine waliondoka kundini mbio walipojua Mama Omena ni nani. Kifaru Dijitali akauliza, "Na vile vidole, afande?"

"Vidole ni vyake," akajibu. Alikuwa na hakika kwamba mahali fulani, Bungoma au Mbale, kuna mtu asiyemjua alikuwa akiisambaza picha hiyo tena, akicheka. Mguu ukaanza.

Vivianne aliletwa kaunta, nywele zimejaa vumbi la blanketi. Protus akamrudishia mkanda, funguo, penseli mbili, kisha akamsogezea kitabu.

"Saini hapa, binti. Kwamba umepokea vitu vyako na hujapigwa."

Vivianne aliiangalia kalamu ya serikali, akaiweka kando, akachukua penseli yake. Alichukua muda. Protus akachungulia, akashtuka.

"Aa! Madam! Njoo uone! Hii ni kitabu ya serikali, amechora mbwa!"

Roselida akaja, akainama juu ya ukurasa. Mbwa alikuwa mdogo, mkia mfupi, mdomo wazi, na alionekana ana haraka ya kwenda mahali. Akamhesabu miguu.

Minne.

"Ni sahihi yake," alimwambia Protus. "Piga muhuri."